Kilo Moja kwa Mwezi, kwa Gharama ya Moyo

Anayemeza kidonge cha kupunguza mwili chenye vichangamsho hahitaji kusubiri mwezi mzima ndipo ajue kama pesa yake imekwenda bure. Saa moja haiishi kabla mdomo haujakauka, viganja havijalowa jasho na moyo haujaanza kwenda mbio. Chakula kikiwekwa mezani, hakitamani. Usiku anageukageuka kitandani na usingizi hauji. Asubuhi anamwambia shoga yake: dawa hii kiboko, naisikia kabisa inavyofanya kazi.

Ni kweli anaisikia. Anachokisikia ni mwili wake ukimwagiwa kemikali za hofu, zile zile zinazotoka mtu anapokutana na nyoka njiani. Moyo unajiandaa kwa mbio, mishipa ya damu inabana, presha inapanda, na tumbo linasahau njaa kwa sababu anayemkimbia nyoka hana muda wa kula. Ila nyoka huyu haondoki. Anamezwa tena mchana, anamezwa tena jioni, wiki hadi wiki, mwezi hadi mwezi.

Huo ndio mtego wa bidhaa hizi, na ndiyo sababu zimeweza kurudi sokoni kila zinapopigwa marufuku. Dalili ambayo daktari angeihesabu kuwa onyo, mteja anaihesabu kuwa uthibitisho. Kinachomdhuru ndicho kinachomrudisha dukani kununua kopo la pili.

Kuvipata si kazi. Viko saluni, viko kwenye maduka ya vipodozi, viko kwenye status za WhatsApp na kurasa za Instagram, vikiwa vidonge, majani ya chai, kahawa ya unga au matone. Picha mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, ya kabla na ya baada. Chini yake maneno ni yale yale kila mahali: inakata tumbo, inayeyusha nyama uzembe, siku saba tu mpenzi unaona matokeo, na ni mitishamba tupu, haina madhara. Neno hilo la mwisho, mitishamba, ndilo linalouza kuliko yote. Ndilo pia lililouza efedra nchini Marekani, na kisa cha efedra kinastahili kusimuliwa kwa kituo, maana hakuna bidhaa ya aina hii iliyochunguzwa na kuandikwa kumbukumbu zake kwa kina kama hiyo.

Efedra ni kichaka cha nchi kavu za kaskazini mwa China na Mongolia, chenye vijiti vya kijani na majani madogo mno, hata unaweza kudhani hakina majani kabisa. Wachina wanakiita ma huang. Waganga wao wamekitumia tangu kale kutibu mafua, kikohozi na kubanwa kifua, kwa siku chache na kwa kukichanganya na mimea mingine. Mwaka 1885 mkemia wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, alitenga kiini chake, efedrini. Miaka miwili baadaye mkemia Mromania aliyekuwa akifanya kazi Berlin, Lazăr Edeleanu, alitengeneza maabara kemikali inayofanana sana na efedrini kwa umbo. Leo tunaiita amfetamini.

Amfetamini ndiyo iliyotangulia kuingia kwenye biashara ya unene. Madaktari waligundua katika miaka ya 1930 kwamba wagonjwa waliopewa kemikali hiyo kwa sababu nyingine walikuwa hawali. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaibuka Marekani kliniki za kupunguza uzito zilizogawa vidonge vya rangi nyingi, vikaitwa vidonge vya upinde wa mvua. Ndani yake mlikuwa na amfetamini, homoni za tezi ya shingo, dawa za kukojoza, dawa kali ya moyo iitwayo digitali, na dawa za usingizi za kutuliza kile ambacho vingine vilikichochea. Rangi zile zilimfanya kila mgonjwa aamini kwamba amechaguliwa dawa za mwili wake mwenyewe. Mwaka 1968 jarida la Life lilimtuma mwandishi wake, mwanamke asiye mnene, azunguke kwa madaktari 10 wa aina hiyo. Alirudi na vidonge zaidi ya 1,000. Mwaka huo huo Seneti ya Marekani ikafanya vikao kuhusu vifo vilivyohusishwa na vidonge hivyo, na biashara ile ikaanza kubanwa.

Ilipobanwa mlango huo, ilitafuta mwingine. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria ya virutubisho inayosema, kwa ufupi, kwamba bidhaa ya mimea, vitamini au madini ihesabiwe katika kundi la chakula. Mtengenezaji halazimiki kuthibitisha kwamba bidhaa yake ni salama kabla ya kuiuza. Ni serikali, kupitia Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, inayopaswa kuthibitisha baadaye kwamba ni ya hatari. Naomba msomaji alitazame hilo vizuri, kwa sababu mengine yote yametoka humo. Kama majaribio hayafanywi kabla ya kuuza, basi yanafanywa baada ya kuuza, na anayefanyiwa majaribio ni mnunuzi, kwa pesa yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Ndani ya miaka michache efedra ikajaa madukani. Bidhaa iliyovuma kuliko zote iliitwa Metabolife 356, ya kampuni ya San Diego, California. Kidonge kimoja kilikuwa na miligramu 12 za efedrini na miligramu 40 za kafeini. Lakini kwenye makopo ya aina hii mteja alisoma ma huang na guarana, majina ya mimea yenye sauti ya mbali na ya upole. Guarana ni mbegu ya Amazoni iliyosheheni kafeini. Wawili hao wakikutana mwilini, kila mmoja humwongezea mwenzake nguvu: efedrini inautoa mwilini msisimko wa adrenalini, kafeini inauzuia usizimike upesi.

Walipungua? Ndiyo, kidogo. Watafiti wa taasisi ya RAND walikusanya majaribio yote yaliyokuwapo na kutoa ripoti mwaka 2003. Waliotumia efedra walipungua takriban kilo 0.9 kwa mwezi zaidi ya wale waliopewa vidonge bandia. Hakuna jaribio lililoendelea kupita miezi sita, kwa hiyo hapakuwa na ushahidi kwamba kilo hizo hazirudi. Kwa upande wa madhara, uwezekano wa kupata mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, matatizo ya akili na matatizo ya tumbo ulipanda mara mbili hadi zaidi ya mara tatu. Chini ya kilo moja kwa mwezi! Hicho ndicho walichokuwa wakikinunua.

Waliolipa gharama kubwa wamo katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 na Christine Haller na Neal Benowitz wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Walipitia ripoti 140 za madhara zilizopelekwa FDA. Karibu theluthi moja waliona zimesababishwa na efedra kwa hakika au kwa uwezekano mkubwa, na theluthi nyingine kwamba huenda zimesababishwa nayo. Presha kupanda ndilo lalamiko lililoongoza, likifuatiwa na moyo kwenda mbio, kisha kiharusi na degedege. Ndani ya ripoti hizo mlikuwa na vifo na watu waliobaki na ulemavu wa kudumu.

Kampuni zilijibu kwamba hao walizidisha dozi, au walikuwa na maradhi yao. Metabolife iliwahi kuiambia FDA kwamba haijapata kusikia mteja yeyote akilalamika kuhusu afya yake. Kisha uchunguzi wa serikali ukaibana, na mwaka 2002 ikakabidhi kumbukumbu za simu za wateja: rekodi 14,684. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walipozipitia walikuta simu za mshtuko wa moyo 18, kiharusi 26, degedege 43 na vifo 5. Zaidi ya theluthi moja ya matukio hayo mazito yaliwapata watu wa chini ya miaka 30. Na pale ambapo kipimo kilichotumika kilikuwa kimeandikwa, wengi walikuwa wamefuata maelekezo ya kopo. Mwanzilishi wa kampuni, Michael Ellis, baadaye alikiri mahakamani kwamba alitoa taarifa za uongo kwa FDA, akafungwa miezi sita.

Simu zile zinaniuma. Mtu anazidiwa, anaokota kopo, anasoma namba, anapiga, na upande wa pili kuna mtu anayeandika kila kitu na kufungia kabatini.

Februari 2003, timu ya besiboli ya Baltimore Orioles ilikuwa Fort Lauderdale, Florida, kwa mazoezi ya kuanza msimu. Mrushaji wao chipukizi, Steve Bechler, miaka 23, alikuwa na uzito wa karibu kilo 108 na alitaka kupungua haraka apate nafasi kikosini. Alikuwa akila kidogo sana, na alikuwa akitumia bidhaa ya efedra. Tarehe 16 alianguka akiwa mazoezini. Joto la mwili wake lilifika nyuzi 42. Asubuhi iliyofuata alifariki, akimwacha mke mjamzito. Daktari wa uchunguzi wa vifo, Joshua Perper, alisema aliuawa na joto, na kwamba efedra ilichangia pamoja na unene, presha iliyokuwa juu kidogo, ini lisilo sawa, tumbo tupu na unyevu wa Florida ambao mwili wake haukuwa umeuzoea.

Jinsi efedra inavyochangia kifo cha joto inaeleweka vizuri. Mwili hujipoza kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Efedrini inaibana mishipa ya ngozi, kwa hiyo joto linakosa njia ya kutokea, na wakati huo huo inamsukuma mtu aendelee kukimbia hata pale uchovu ungemwambia aketi. Mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa anayemeza vichangamsho kisha akakimbia ufukweni saa tisa alasiri hayuko mbali na hali ile.

FDA ilitangaza marufuku mwishoni mwa mwaka 2003, na ikaanza kazi Aprili 2004. Watengenezaji walikwenda mahakamani na kushinda kwa muda huko Utah mwaka 2005, kabla mahakama ya rufaa haijairudisha marufuku mwaka 2006. Takriban miaka 12 ilipita tangu sheria iliyoifungulia mlango hadi hapo mjadala ulipofungwa.

Kabla ya efedra tayari kulikuwa na somo jingine, na mamlaka zilichelewa vilevile. Fenilpropanolamini, dawa iliyokuwa ikiuzwa bila cheti kwa mafua na kwa kupunguza hamu ya kula, ilichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale kwa kuwalinganisha wagonjwa wa miaka 18 hadi 49 waliovuja damu kwenye ubongo na watu wazima wa afya. Kwa wanawake walioitumia kupunguza uzito, hatari ilikuwa zaidi ya mara 16. Iliondolewa Marekani mwaka 2000.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, kwa kuwa mmoja wa ukoo huo tunamjua kwa sura. Mla mirungi, au miraa kama wanavyosema Meru na Mombasa, hajifichi: maneno mengi, usingizi hakuna, na sahani ya wali inarudi jikoni kama ilivyokwenda. Viini vyake ni kathinoni, inayofanana na amfetamini, na kathini, iliyo ndugu wa karibu wa ile fenilpropanolamini. Kathini iliyotengwa imewahi kuuzwa ng'ambo kama kidonge cha kupunguza hamu ya kula. Sijapata kumsikia mama wa pwani akimwambia bintiye atafune mirungi ili apate shepu. Kila mtu angeona aibu na hatari yake. Ndugu zake wakiwekwa kwenye kopo lenye picha ya jani la kijani, binti huyo huyo anachangiwa pesa ya kununua.

Baada ya efedra kuondoka, makopo yaliandikwa kwa fahari kwamba hayana efedra. Yalikuwa na nini? Mengi yalikuwa na dondoo ya chungwa chungu yenye sinefrini, ndugu mwingine wa ukoo ule. Mengine yalikuwa na DMAA, kemikali ambayo kampuni ya Eli Lilly iliisajili katika miaka ya 1940 kama dawa ya kuzibua pua na ambayo iliachwa baadaye. Ilirudishwa sokoni mwaka 2006 ikiitwa kiini cha ua la jeranio. Jeshi la Marekani liliiondoa kwenye maduka ya kambi zake mwaka 2011 baada ya wanajeshi wawili kufariki, na FDA ikaanza kuwaandikia watengenezaji barua za onyo mwaka 2012. Daktari Pieter Cohen wa Harvard na wenzake wameendelea tangu hapo kununua makopo madukani na kuyapima, na kila kichangamsho kimoja kinapoondolewa wanakuta kingine kimekaa mahali pake, mara nyingi kikiwa hakijawahi kujaribiwa kwa binadamu.

Kwetu, hata hivyo, ninachokiogopa zaidi ni kile kisichoandikwa kabisa. Sibutramini ilikuwa dawa halali ya unene, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 na kuuzwa nchi nyingi kwa cheti cha daktari. Jaribio kubwa la watu 9,804 wenye maradhi ya moyo, kisukari au vyote viwili lilionyesha kwamba 11.4 kwa kila mia ya walioimeza walipata mshtuko wa moyo, kiharusi, moyo kusimama au kifo cha moyo, ukilinganisha na 10 kwa mia ya waliopewa kidonge bandia. Mwaka 2010 iliondolewa Ulaya, kisha Marekani. Haikutoweka. Ilihamia kwenye mitishamba. Orodha ya FDA ya virutubisho vilivyokutwa na dawa zilizofichwa kati ya 2007 na 2016 ilikuwa na bidhaa 776, na 317 kati yake zilikuwa za kupunguza uzito. Katika hizo 317, sibutramini ilikutwa ndani ya 269. Ilikuwa ndani ya vidonge, na maonyo ya miaka yote yameitaja pia ndani ya chai na kahawa za kupungua.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba chai yake ya mitishamba imemkata hamu ya kula ndani ya siku moja na moyo unamdunda, mimi namuamini. Nisichoamini ni kwamba ni mitishamba. Majani ya kawaida ya chai hayana nguvu hiyo.

TMDA kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya zina mamlaka juu ya dawa, na zinafanya kazi ya kuzikagua. Lakini kopo lililoingia ndani ya begi la msafiri, likauzwa kwa jina la chai na kupelekwa kwa mteja na bodaboda, halijapita mbele ya mkaguzi yeyote. Muuzaji mwenyewe mara nyingi hajui kilichomo. Wengi wao ni kina dada wanaotafuta riziki, na baadhi wanatumia bidhaa ile ile wanayoiuza. Siwaoni kuwa wauaji. Naona wanauza imani yao, na hilo ndilo linaloifanya iuzike.

Kuna jambo moja linalofanya hatari iwe kubwa zaidi huku. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kwamba wanayo, na sehemu kubwa ya wenye presha wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mnene mwenye presha asiyoijua ndiye mteja hasa wa vidonge hivi. Anakichukua kitu kinachobana mishipa na kukiweka juu ya mishipa iliyokwisha kubanwa. Kupima presha ni kazi ya dakika chache kwenye zahanati, na ningetamani kila saluni inayouza makopo haya iwe na kipimo hicho mezani.

Kuna wengine wanaopaswa kukaa mbali kabisa: mjamzito na anayenyonyesha, mwenye kisukari, mwenye tatizo la tezi, mwenye kifafa, anayetumia dawa za sonona, mwenye pumu anayetumia salbutamoli, na yeyote anayesubiri kufanyiwa upasuaji, kwa kuwa dawa ya usingizi na kichangamsho vikikutana moyo unaweza kupoteza mpigo wake. Wapo pia vijana wasio na ugonjwa wowote, wenye miaka 20 na kitu. Hao ndio waliojaa kwenye zile rekodi za simu za San Diego.

Mtu anapoacha kuvitumia, njaa hurudi kwa nguvu, uchovu humlemea, wengine huingia huzuni, na uzito hupanda upya. Wengi hulitafsiri hilo kama ishara kwamba walikuwa wanaihitaji dawa. Mwenye unene unaomsumbua ana haki ya kutibiwa kama mgonjwa mwingine yeyote, bila kuchekwa wala kuhubiriwa, na zipo leo dawa zilizojaribiwa ambazo daktari anaweza kuziandika na kuzifuatilia. Kejeli za mtaani na za hospitalini ndizo zinazowafanya watu watafute tiba kwa siri kwenye simu.

Aliyekwisha kumeza na sasa anasikia maumivu ya kifua, kichwa kinauma kuliko alivyowahi kuumwa, amezimia, anashindwa kupumua, au upande mmoja wa mwili umelegea, aende hospitali saa hiyo hiyo, na anayempeleka abebe kopo. Vipimo vya kawaida vya dharura havitaionyesha sibutramini wala DMAA. Daktari atakayeambiwa tu kwamba mgonjwa alikuwa anakunywa chai ya kupungua hana pa kuanzia. Mwenye kopo mkononi ana jina, namba ya toleo na kitu cha kupeleka maabara, na mamlaka ya dawa itakuwa na sababu ya kumfuata aliyeliuza.